Paa ni la Melania, Maji ni ya Deo

Wa kwanza kusimulia habari hii ni Bi Rukaya Salehe, mwenyeji wa Tanga, jirani wa marehemu huko Haltom City, pembeni ya Fort Worth, Texas. Aliwasimulia ndugu wa Manyoni kwa simu, mwezi Septemba 2019, wiki moja baada ya mazishi, nao wakaiweka simu juu ya kinu kilichopinduliwa ili wote wasikie. Baadaye Melania na Deo, watoto wa marehemu, walisomewa maneno haya, kila mmoja peke yake, wakayasahihisha. Pale walipotofautiana limeachwa neno la Bi Rukaya, kwa kuwa yeye hakuwa na upande.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Bi Perpetua Ndahani, mjane wa Sospeter, alikuwa amelala sebuleni kwenye kitanda cha wagonjwa, karibu na dirisha linalotazama bustani. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amewaambia madaktari kwamba mashine ya kumsafisha damu sasa basi. Deo alikuwa amefika kutoka Alief, Houston, pamoja na mkewe Precious. Melania, ambaye ni muuguzi na aliishi na mama yake humo ndani, alikuwa ametoka zamu na bado amevaa nguo za kazi. Kaka na dada hao hawakuwa wamesemezana tangu mwaka 2017. Mgonjwa akaomba kichwa cha kitanda kiinuliwe, akaanza.

Sogezeni viti, wanangu. Deo, toka hapo mlangoni, anayekaa mlangoni huwa anangoja kuondoka. Melania, nawe acha kuliegemea friji, lina miguu yake. Mkwe wangu Precious, kaa hapa miguuni pangu nikuone uso. Bi Rukaya, usituache, maana usia usio na shahidi watu huuita maneno ya homa. Nisikilizeni bila kunikatiza, kwa sababu pumzi iliyobaki naitumia kama nilivyokuwa nikitumia maji: nina ndoo moja, na sitaimwaga uani.

Nimewaita kwa jambo moja. Nikifa na mambo yakiwa kama yalivyo, nyumba hii itauzwa kabla udongo wa kaburi langu haujatulia. Haitauzwa kwa shida, itauzwa kwa sababu ninyi wawili hamwezi kukaa meza moja mkaamua nani aitunze, na huyo atakayeinunua ataimwagia bustani yangu zege apate pa kuegesha gari. Basi kabla sijaigawa nitawaeleza ilivyopatikana, na nitawaeleza vile vyungu vilikuwa nini, kwa maana nyumba imepasuka kwa ajili ya vyungu na mimi mwenye vyungu sijafungua kinywa mpaka leo.

Nilizaliwa Manyoni, mahali ambapo mvua huja kama mgeni wa heshima, kwa nadra na kwa muda mfupi, na mwaka mwingine hutuma salamu tu. Kiangazi tulikwenda kwenye korongo lililokauka, tukafukua mchanga mpaka tukafikia unyevu, tukakaa kusubiri maji yajikusanye, tukayachota kwa kibuyu kidogo. Na mtoto aliyechota kwa pupa akayavuruga alirudishwa mwisho wa foleni. Kwa hiyo mnaponicheka kwamba nafunga bomba mtu bado ana povu la mswaki mdomoni, mjue kwamba kule sikujifunza ubahili, nilijifunza foleni.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na desturi yake. Mtungi ukichakaa, ukaanza kutoa jasho kupita kiasi hata maji hayakai, wenzake waliutupa au wakautia pumba. Yeye aliufukia katikati ya mashina ya maboga, ukabaki mdomo tu juu ya ardhi, akaujaza maji yaliyooshea mboga, akaufunika. Mtungi ulitoa jasho lake chini kwa chini, taratibu, na mizizi ikaufuata ikauzunguka kama watoto wanavyomzunguka mama mwenye chungu cha uji. Jua halikupata hata tone. Juu udongo ulikuwa mkavu, magugu yakafa kwa kiu, na maboga yakanenepa.

Ukaja mwaka wa ukame, mashamba yote yakawa rangi ya ngozi ya simba, maboga ya bibi peke yake yakawa kijani. Watu wakasema ameifunga mvua ndani ya mitungi yake. Akawaeleza. Aliwaeleza asubuhi, akawaeleza jioni, akafukua mtungi mmoja wauone ulivyokumbatiwa na mizizi, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyoambiana, "Mnaona anavyoyajua?" Wakaivunja yote kwa mipini ya majembe. Mvua haikunyesha. Bibi akahamia kwa kaka yake, na siku anaondoka akaniambia neno nililolibeba mpaka nchi hii: mjukuu wangu, aliyeitwa mchawi akijitetea anaongeza kuni, nyamaza, waonyeshe boga.

Nipe ile barafu, Bi Rukaya. Kipande kidogo. Haya.

Baba yenu Sospeter aliipata nyumba hii kwa kusimama kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege mpaka magoti yakavimba. Kiangazi chetu cha kwanza humu jirani mmoja mzee alimwambia amwagilie msingi wa nyumba, la sivyo udongo utasinyaa na kuta zitapasuka. Baba yenu aliingia ndani anacheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, "Mama Melania, tumefika nchi ambayo nyumba inanyweshwa kama ng'ombe." Lakini lilikuwa kweli, ule ufa juu ya mlango wa bafuni mnaujua. Udongo wa huku ni mweusi, ukipata mvua unavimba, ukipata jua unapasuka hata mguu wa kuku unazama. Basi akauzungushia msingi mpira wenye matundu, na hilo sikumpinga. Nilichompinga ni zile bomba za kunyunyizia nyasi za mbele. Kila siku ambayo mji uliruhusu mtaa wetu kumwagilia, bomba zile zilinyunyizia nyasi, zikanyunyizia barabara, zikanyunyizia na mbwa wa jirani. Nilimwambia, Baba Melania, maji yanayorushwa juu ni sadaka kwa upepo. Akanijibu, "Mke wangu, niache nami nione kitu cha kijani ambacho sikukilima." Nikamwacha. Mtu aliyesimama maisha yake yote ana haki ya kutazama nyasi.

Alipofariki niliziacha nyasi zife kifo chao. Bi Rukaya ni shahidi wa mengine, maana ndiye alikuwa akiniendesha mtaani polepole, mimi nachagua mifuko ya majani makavu ambayo watu huiweka barabarani ichukuliwe kama takataka. Alikuwa akinitania, "Bi Perpetua, unabonyeza mifuko ya watu kama unanunua matikiti." Nilikuwa nabonyeza kweli, nikitafuta majani laini. Niliyatandaza bustani nzima, kwa kuwa udongo wenye nguo haupigwi na jua, na matandazo yakioza yenyewe yanakuwa chakula. Nikaweka mapipa chini ya gata nikinge mvua ya paa. Nikaweka ndoo bafuni ipokee maji yale ya baridi yanayotangulia kabla ya moto, ambayo ninyi huyaacha yaende zake huku mmesimama mnayatazama. Nikapanda ngogwe, zile nyanya chungu za kwetu, bamia na matembele, na ile mbegu ya mlenda iliyosafiri nami kutoka Manyoni imeshonwa kwenye pindo la kanga. Kisha nikavikumbuka vyungu.

Nilinunua vyungu vya maua vya udongo, vile vyekundu visivyopakwa kitu, maana chungu kilichong'arishwa hakitoi jasho. Nikaziba tundu la chini kwa saruji, nikavifukia kando ya miche, nikavijaza maji ya pipa, nikafunika kila kimoja kwa kisahani chake. Wiki ile ile nikakuta viluwiluwi. Mbu wa Texas anapita penye upenyo wa sindano. Basi nikachukua kanga yangu kuukuu, ile nyekundu, nikaichana vipande, nikafunga kila mdomo wa chungu kwa kitambaa, halafu kisahani, halafu jiwe. Nasema hili mara moja mbele ya shahidi wala sitalirudia: kitambaa kilikuwa cha mbu.

Melania alivijua, alikuwa akiishi humu. Deo hukuvijua, ulikuwa na maisha yako Houston, na mimi kwenye simu nilikuuliza habari za watoto, sikukusimulia habari za vyungu.

Ndipo ikaja ile mvua ya Agosti. Maji yaliingia nyumba yenu ya Alief kwa mlango wa nyuma bila kubisha hodi, yakapanda mpaka kwenye magodoro, mkatoka na watoto na begi moja, mkazunguka barabara zilizofungwa, mkafika hapa mmelowa mpaka kwenye mifupa. Siku hizo mimi nililazwa Fort Worth, ndiyo kwanza wananifungulia mshipa wa mashine. Kwa hiyo yaliyofuata sikuyaona. Nimeyasikia kwa Melania, nikayasikia kwa Deo, nikayasikia kwa Bi Rukaya ambaye alivuka barabara kwa sababu ya kelele. Nami nimeyapanga kama mtu anavyopanga vigae vya kitu kilichovunjika.

Precious, usiangalie chini, mama. Ulikuwa umetoka kwenye maji yaliyokufuata mpaka kitandani. Hukuwa umelala. Ukatoka nje kuwachumia wanao mboga, ukaona jiwe, ukaondoa jiwe, ukainua kisahani, ukakuta chini ya ardhi maji yamefungwa kwa kitambaa chekundu; ukaenda kwenye shina la pili, hivyo hivyo; la tatu, hivyo hivyo. Ningekuwa wewe nami ningeogopa. Ukawapigia simu wenzako wa maombi kule Alief, wakakwambia msivishike kwa mikono mitupu. Na mwanangu Deo, msomi wangu wa hesabu, akavaa zile glavu za njano za kuoshea vyombo, akachukua koleo la baba yake, akafukua kila kimoja akakivunja, huku wale wa kwenye simu wanaomba kwa sauti.

Cheka, Deo. Hapo pa glavu hata mimi nilicheka, ingawa haikuwa siku ile.

Melania alirudi kutoka kazini akakuta vigae kwenye pipa la taka. Akasema, "Nani amevunja umwagiliaji wa mama?" Precious ukajibu, "Umwagiliaji gani wa vitambaa vyekundu, wifi? Nasi tuna macho." Mpaka hapo lilikuwa jambo la kuelezana na kucheka. Lakini heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Deo, wewe ukasema kwamba sasa umejua kwa nini baba alikufa ghafla. Ulilisema. Bi Rukaya alilisikia akiwa kizingitini. Nawe Melania ukaufungua mlango, ukawaambia, "Rudini kwenye maji yenu, huku ni kukavu, hatuhitaji watu wa mafuriko." Ukawaambia hivyo watu ambao nguo zao bado zilikuwa zinakauka kwenye kamba yangu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe hukumpa jembe, ulimpa barabara. Wakazianua nguo mbichi, wakaenda kulala hoteli ya njiani na watoto.

Niliporudi hakuna aliyeniambia kitu. Nikatoka uani nikaona mashimo. Nikafika kwa bibi yangu bila kupanda ndege. Nilivuka bahari nikidhani lile neno la uchawi nimeliacha upande wa pili, kumbe lilipanda ndani ya mtoto wangu mwenyewe. Nikafanya nilivyofundishwa, nikanyamaza. Ulipopiga simu, Deo, nikakuuliza habari za watoto, nawe ukanijibu kwamba Gloria hajambo. Nikauliza, Gloria ni nani? Mtoto mliyempa jina langu, Perpetua, somo yangu, mlikuwa mmeanza kumwita kwa jina la kati. Vyungu viliniuma, wanangu, lakini chungu hununuliwa. Hilo la jina liliniuma mahali ambapo mashine haifiki.

Sikuvifukia tena. Uliniuliza kwa nini, Melania, ulipokuwa ukiniona naburuta ndoo asubuhi kabla jua halijachomoza, na bustani inapungua kila mwaka mpaka leo imebaki kipande. Ningeweza kununua vingine. Lakini chungu nikikifukia mwenyewe, ni chungu tu. Nilitaka kifukiwe na aliyekivunja, kijazwe maji na aliyemfukuza aliyekivunja. Nikangoja. Kawia ufike, husemwa. Nimekawia, na sasa ama nifike leo ama nisifike.

Tena ugonjwa huu umenifundisha jambo. Mtu wa mashine hanywi maji apendavyo. Hupimiwa. Nami kwa hii miaka nimekaa nikinyonya barafu nikitazama mvua dirishani, nikajua mzizi unavyojua: maji mengi ya mara moja hayakai mwilini, yanaulemea moyo, yanayokuja kidogo kidogo ndiyo yanakuwa damu. Ninyi mlipendana kwa mafuriko wakati wa harusi na misiba, mkakumbatiana, mkapiga picha, kisha mwaka mzima ukame. Hakuna mmea unaoishi hivyo.

Sasa nagawa. Bi Rukaya, sikiliza vizuri.

Nyumba hii, kuta zake, msingi wake unaonyweshwa, na paa lake, ni ya Melania. Amekaa humu, ameniogesha, amenibeba. Deo usinung'unike, sijamaliza. Bustani yote, kuanzia ukuta wa jikoni mpaka uzio wa nyuma, na mapipa yote, na koleo la baba yako, ni ya Deo. Paa ni la Melania. Maji yakishadondoka kutoka kwenye gata ni ya Deo. Melania asiuze nyumba bila Deo, kwa kuwa nani atanunua nyumba isiyo na uani? Deo asiuze bustani bila Melania, kwa kuwa nani atanunua uani usio na njia? Na gata likiziba majani, Deo asipande paa la watu bila kumwomba mwenye paa. Na Melania akitaka mlenda wa kulia ugali, asichume cha watu bila kumwomba mwenye bustani. Mtaombana. Mtaombana mpaka mzoee.

Utasema, mama, mimi niko Alief, ni mwendo wa nusu siku kwa gari, nitamwagiliaje? Ndiyo maana ya vyungu. Chungu kilichojaa, chini ya matandazo, kinamlisha ngogwe siku nyingi bila mtu. Njoo kila unapopata Jumamosi, si lazima ziwe zote. Katikati yake, dada yako atakusaidia kama ukimwomba vizuri, na atakwambia kama mvua imenyesha, nawe utamwambia kama kwenu imezidi. Mtakuwa na la kuzungumza. Watu wengi waliacha kupendana kwa sababu tu waliishiwa la kuzungumza.

Shikeni na haya madogo. Mwagilieni asubuhi, kamwe si mchana. Mkimwagilia kwa mkono, mwagilieni mara chache na kwa kina. Ukimwaga juu juu kila siku mzizi unakuwa mvivu, unakaa juu kungoja kuletewa, na siku ukisafiri unakufa. Hata watoto wenu ni hivyo. Maji ya kuoshea mchele na mboga yaende kwenye ngogwe. Yenye mafuta na sabuni yasiende. Panda wenye kiu pamoja, na mvumilivu umpe kona yake: mlenda usiubembeleze, ukibembelezwa unaota majani mengi yasiyo na utelezi. Na pipa lifunikwe wavu. Mbu hana undugu.

Barafu. Asante, mama.

Mimi mnizike hapa hapa, kando ya baba yenu. Msiwasumbue watu kwa michango ya kunisafirisha. Manyoni wapigieni simu, watalia huko huko na machozi yatafika. Juu ya kaburi msinipandie nyasi za kunyweshwa. Wekeni changarawe. Na watu watakaokuja kwenye msiba mkiwanawisha mikono kabla ya chakula, wanawisheni kwa jagi juu ya beseni kama kwetu, na beseni likijaa Deo alitoe nje kwa mkono wake akalimwage kwenye mashina. Nitaona kama hukufanya.

Precious. Chini ya mto wangu huu, upande wa kushoto, pana kipande cha kanga. Kitoe. Ndicho kilichobaki cha ile nyekundu. Sasa, Deo, hivyo ulivyovificha kwenye buti la gari chini ya blanketi, Bi Rukaya ameviona wakati unaegesha. Nilikwambia kwenye simu uje na vyungu, umekuja navyo, halafu ukaona haya kuviingiza. Kavilete. Chukua koleo ukachimbe hapa chini ya dirisha, nisikie. Melania, chukua ndoo ukachote kwenye pipa lake. Ndiyo, lake, muombe. Bi Rukaya, nifungulie dirisha. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Wewe chukua kapu, jirani yangu, umelima vya kutosha.

Nendeni basi. Nitaendelea na huyu.

Mkwe wangu, kichane hapo penye mshono, kitachanika chenyewe. Usikiogope. Ni pamba tu. Hapana, usiniombe msamaha sasa, utaniliza na mimi sina maji ya kupoteza. Utatoka uwafuate, na chungu kikishajazwa utakifunga wewe kwa mikono yako, bila glavu. Ukimaliza utawapigia wale wenzako wa maombi, utawaambia umefunga nini na kwa nini, nao wakitaka waje wale mlenda. Na mtoto… mrudishieni jina. Mwambie bibi yake alikuwa mkulima wa ngogwe. Ukimwita, mwite kwa sauti, uani, jirani wasikie.

Nyamaza kidogo. Wanaongea.

Umesikia? Amesema, "Ardhi hii ngumu kama wewe, dada." Na yeye… na yeye amemjibu, "Ardhi ni yako, bwana. Yangu mimi ni paa."

Basi. Basi, hiyo ndiyo mvua.

Bi Rukaya, waambie… Deo achimbe kina, mdomo tu ubaki. Na Melania asikijaze mpaka juu, aache nafasi ya kidole. Chungu kinapumua. Mungu wa bibi yangu awape mvua ya kiasi. Wewe wa Houston, mvua inayojua mwisho wake. Wewe wa huku, umande… umande siku ambazo hakuna kingine. Asiwanyime foleni na asiwanyime zamu. Nendeni mkawe… Nishusheni kichwa, na huu mto. Dirisha msilifunge. Nataka kusikia anavyo… anavyomimina.

Bi Perpetua Ndahani hakusema tena maneno marefu. Alifariki siku ya nne yake, mchana, Melania na Deo wakiwa nyumbani wote wawili, akazikwa kando ya Sospeter, juu yake changarawe. Maji ya kunawia mikono ya waombolezaji yalitolewa nje na Deo.

Mpaka maneno haya yanaandikwa, Desemba 2020, hali ya waliotajwa ni hii. Bi Rukaya Salehe, aliyesimulia kwanza, alifariki Julai mwaka huu hospitalini Fort Worth, wakati ambao hakuna jirani aliyeruhusiwa kukaa kando ya mgonjwa. Melania yuko hai, yuko katika nyumba ile. Deo yuko hai, anaishi Alief, na koleo la baba yake ameliacha Haltom City, limeegemea pipa. Precious yuko hai. Mtoto wao aliyepewa jina la bibi yuko hai, na anaitwa Perpetua.